Asiyekula Chumvi

Sisimizi ndio waliojua kwanza. Katika nyumba ya akina mama pale Mamba, nyuma ya misheni, tone la asali halikai sakafuni kitambo bila kuzingirwa. Lakini bakuli la yule mgeni lilishinda chini ya kitanda chake, asali imeganda ukingoni, na msafara wa sisimizi ukapinda ukalikwepa. Theopista, mwangalizi wa nyumba, aliliona, akaliosha, akaendelea na shughuli zake.

Nyumba ile ilikuwa ya wanawake walioporwa, waliopigwa na walioingiliwa kwa nguvu, maskini wasio na ndugu wa kuwasemea. Wengi walifika midomo imepasuka, ndiyo maana chakula chao cha kwanza kilikuwa uji na asali ya Ugalla, bila chembe ya chumvi. Na anayelia mlangoni alifunguliwa, hakuulizwa jina wala kabila mpaka ashibe. Theopista ndiye aliyeweka desturi hizo, kwa sababu zake mwenyewe ambazo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mgeni alifika magharibi ya mvua, analia, akasema anaitwa Esteria na mdomo unamuuma. Siku zikapita, mdomo haukupona, akabaki na uji ule ule. Lakini jamani, alikuwa na upole! Wakitwanga mpunga alimsogelea mmoja, akamshika mkono, akamnong'oneza, "Niambie, mwenzangu. Walikufanyaje?" Na nani katika dunia hii katili alikuwa amewauliza hivyo?

Pelagia alimwambia. Kulipokucha hakuwa na sauti. Theopista alidhani ni mafua, akamchemshia majani. Kisha Capitoline naye alisimulia yake, na asubuhi akafungua kinywa kumwita mwanawe, ikatoka pumzi tupu.

Hapo Nyanzala akaanza kuogopa. Alikuwa Msukuma, mjane wa Nkwabi aliyechinjwa zizini na wezi wa ng'ombe. Yeye alipigwa rungu la mdomo, wakamwacha wakidhani amekufa. Alimtambua mmoja wao: Eustace, jirani waliyezoea kumpa maziwa. Eustace alikuwa mahabusu Mpanda, kesi ilikaribia, na shahidi alikuwa Nyanzala peke yake. Ndugu za Eustace walikwisha kupita wakisema kwa sauti asikie, kwamba akiachiwa atakuja kumalizia kazi. Bila sauti, Nyanzala alikuwa maiti.

Alfajiri moja alimsikia Pelagia anaongea. Akafurahi, akageuka amshukuru Mungu pamoja naye, akamkuta Pelagia amelala fofofo, mdomo umefumba, na sauti ya Pelagia ikiendelea kutoka kwenye kona ya mgeni, polepole, ikisimulia mlango ulivyovunjwa na jinsi alivyopiga yowe na jirani yeyote asitoke, kisha ikakatika ikaanza ya Capitoline, na harufu ya asali iliyochacha ikajaa chumba mpaka Nyanzala akajifunika pua kwa kanga, na gizani mgeni akageuza uso upande wake akasema, "Na wewe je, mwenzangu?"

Kulipopambazuka alimfuata Theopista jikoni.

"Mama, yule siyo mtu."

"Nyamaza, mwanangu. Padre akisikia habari za majini atatufungia nyumba. Mtaenda wapi nyie?"

Siku hiyohiyo alifika Lyamba, mrina asali wa Ugalla ambaye pia alikuwa mganga. Alitua mzigo wake uani, akakataa katakata kuvuka kizingiti.

"Mama Theopista, nani humu hali chumvi?"

"Mwenye kidonda mdomoni hatiwi chumvi, mzee. Ndivyo tunavyowatunza."

"Basi mmemfuga wenyewe. Jini na chumvi haviivi chungu kimoja. Mngempa siku ya kwanza angekimbia."

Theopista alilia. Yeye, amtilie chumvi mwanamke aliyepasuliwa mdomo! Hata hivyo mchana ule alipika maharage, akatia chumvi ya Uvinza mpaka yakawa makali, akampakulia kila mmoja. Wanawake walikula machozi yakiwatoka. Nyanzala alikula damu ikichanganyika na mchuzi. Mgeni alinusa sahani yake, akatoa ukelele, na ndani ya ukelele ule mlikuwa na Pelagia na Capitoline na wanawake wengine wengi wasiowajua, akatoka mbio akikata majaruba ya mpunga, na maji alikopita hayakutikisika.

"Hapa hatarudi," Lyamba alisema.

"Na sauti za hawa?"

"Ameondoka nazo." Akamfungia Nyanzala bonge la chumvi kwenye pindo la kanga. "Atakayekuuliza kwa upole, mwonjeshe kwanza."

Siku ya kesi walipanda lori la misheni. Nyanzala aliwekwa mbele kwa dereva, Theopista akakaa nyuma na abiria wengine juu ya magunia. Walipofika barazani mwa mahakama, mwanamke mmoja nadhifu aliyeshuka kwenye lori lile alimsogelea Nyanzala, akamshika mkono.

"Mimi ni wa ustawi wa jamii. Nimeongea na mama yako njia nzima. Maskini, naye alikuwa na mengi, na miaka yote hakuna aliyemuuliza. Sasa niambie wewe, mwenzangu. Walikufanyaje?"

Nyanzala akafungua fundo la chumvi. "Onja hii kwanza, dada."

"Siwezi," yule mwanamke alitabasamu. "Mdomo unaniuma."

Nyanzala akageuka amwite Theopista. Theopista alikuwa kwenye ngazi, amejishika koo, kinywa wazi, machozi yanamtiririka, na hapakutoka kitu. Ndani karani akaita jina la shahidi. Yule mwanamke akauwahi mlango, akaitikia kwa sauti ya Theopista mwenyewe, "Hayupo. Shahidi hakuja."

Nyanzala akatia bonge zima mdomoni. Maumivu yalimpofusha. "Nipo!" alipiga kelele. "Nipo! Mimi hapa!" Alimpita yule mwanamke, akasimama mbele ya hakimu, akasema yote huku damu ikimdondoka kifuani. Eustace hakuachiwa. Walipotoka barazani, yule mwanamke hakuwapo.

Theopista alirudi Mamba bila sauti. Nyumba ile haikufungwa, lakini uji wa asali haukupikwa tena. Anayelia mlangoni alifunguliwa nusu, akanyooshewa kiganja chenye chumvi, aitie kwenye kidonda kwanza ndipo aingie. Wengine walivumilia. Wengine walitikisa kichwa wakasema mdomo unawauma, na Theopista, kwa hofu, akawafungia mlango. Asubuhi alitoka kutazama mahali walipokuwa wamesimama. Mara nyingi alikuta damu kizingitini, na sisimizi wameizingira.