Niliukataza Mkono Wangu Kupona

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, mkaaji wa Shieywe hapa mjini Kakamega, na nina watoto watatu. Barua hii nimeiandika kwa mkono wa kushoto, kwa siku tisa, kwa hivyo mkiona herufi zimelala mnisamehe. Jina langu nimelificha. Niiteni Mama Mercy, kama majirani wanavyoniita.

Sitafuti huruma. Machozi yenyewe yalikauka siku nyingi... Nataka tu kusema nilichokifanya, kwa sababu hadi leo watu wa mtaani wanadhani ni mambo niliyofanyiwa.

Kazi yangu ilikuwa kufuma sweta za shule. Nilikuwa na mashine ya kufumia niliyoiwekea akiba miaka mitano, na kibanda karibu na soko. Kila Januari, shule zikifunguliwa, wazazi walijaa mlangoni kwangu hadi nikakosa nafasi ya kunywa chai. Mume wangu, Baba Mercy, alikuwa anafanya kazi kwenye mizani ya miwa upande wa Butere na kurudi nyumbani wikendi. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema ili msimchukie kabla ya kunisikia mimi.

Mwanzoni mwa hii miaka ya tisini nilikwenda Eldoret kununua nyuzi, mimi na rafiki yangu Rispa. Rispa ni mshonaji na kibanda chake kilipakana na changu. Tulikuwa tunarudi kwa basi, mchana, mvua ikinyesha kidogo kidogo. Tulipokaribia Malava, dereva akataka kulipita trekta la miwa kwenye kona. Nakumbuka nyuzi zikimwagika kutoka juu, za kijani na za samawati... Basi likalala ubavu kwenye mtaro.

Wengine walikufa pale pale. Rispa alivunjika bega. Mimi mkono wangu wa kulia ulibanwa chini ya chuma cha dirisha.

Nilikaa na plasta miezi miwili. Ilipotolewa, vidole vilikuwa vimejikunja kama vya mtoto mchanga, na viwili vya mwisho havikuwa na hisia yoyote. Hospitalini tulipelekwa kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo, Madam Phanice, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Aliukamata mkono wangu, akautazama mbele na nyuma.

"Mama, hivi vidole havijafa," akasema. "Vimesahau kazi tu. Utakuja hapa mara mbili kwa wiki. Nyumbani uviloweke kwa maji moto, uvinyooshe asubuhi na jioni, hata kama unalia. Ukiviacha vitaganda hivyo hivyo, na mimi sitaweza kukusaidia."

Nilienda na Rispa mara tatu. Uchungu wake siwezi kuueleza! Lakini ile mara ya tatu kidole cha shahada kilinyooka kidogo, na Madam Phanice akapiga makofi kama mtu aliyeona mtoto akisimama.

Kisha Habakuki akaja nyumbani kwetu.

Habakuki alikuwa karani wa wakili mmoja wa hapa mjini. Alikuwa na orodha ya abiria wote walioumia. Alikuja Jumamosi akijua Baba Mercy yupo, akaletewa ingokho na obusuma, yaani kuku na ugali, akala vizuri, akanawa mikono, ndipo akafungua mkoba. Tukatia sahihi karatasi za kumpa wakili kesi. Mimi nilitia dole gumba.

Alipokuwa anatoka akauliza kama ninaendelea na matibabu. Nikamwambia kwa furaha kwamba kidole kimoja kimeanza kunyooka. Akaketi tena.

"Mama Mercy," akasema, "hakimu hulipia kitu anachokiona kwa macho. Ukienda mbele yake na mkono unaofanya kazi, atakulipia nini? Hayo mazoezi si yatakungoja? Maliza kesi kwanza. Ni mwaka mmoja tu."

Mwaka mmoja tu! Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anaangalia chini. Baadaye akasema, "Huyo ni mtu wa korti, anajua kuliko sisi." Basi. Hakunilazimisha mtu. Jumanne iliyofuata Rispa alipokuja kunichukua twende hospitalini, nilimwambia nina homa. Wiki iliyofuata nikamwambia ukweli.

Rispa alisimama mlangoni, mkono wake ukining'inia kwenye kitambaa. "Dada yangu," akasema, "hiyo fidia utaishika na nini?"

Nilikasirika. Nilimwambia yeye hana akili ya mbele, ndiyo maana hata cherehani yake ni ya kuazima. Yeye alikuwa amekubali fedha kidogo ambayo kampuni ya bima ya lile basi ilimpa bila kesi. Mimi nilimcheka. Miezi minane baada ya ajali alikuwa amerudi kibandani, anashona.

Mimi nilikuwa nimekaa nyumbani... nikiutunza ulemavu wangu.

Ndivyo nilivyoishi, wasomaji wenzangu. Habakuki alituambia kampuni za bima zinatuma watu wa kuchunguza, kwa hivyo kitambaa cha kubebea mkono shingoni sikukitoa hata nikiwa ndani ya nyumba. Mtu akibisha mlango, niliuficha mkono kwanza kabla ya kuitikia. Mwaka wa pili Baba Mercy akasema mashine ya kufumia haifai kuonekana kwetu. Tukaiuza, ikaja kuchukuliwa na mwanamume mmoja wa Malava kwa mkokoteni. Nilisimama mlangoni nikaitazama ikivuka barabara, na sikuhisi kitu. Nilijiambia nitanunua mbili.

Kesi ikasongezwa. Hakimu akahamishwa. Faili ikakosekana, ikapatikana, ikasongezwa tena. Kila mara Habakuki alisema, "Vumilia, tumekaribia."

Na kanisani je? Hapa ndipo ninapoona aibu kuliko kote. Jumapili moja mchungaji aliniita mbele, akina mama wakanizunguka, wakaushika mkono wangu na kuuombea kwa machozi. Nami nilifumba macho nikasema moyoni, Ee Mungu, usiuponye sasa. Ngoja kesi iishe.

Je, kuna mtu amewahi kuomba ombi kama hilo?

Miaka minne ilipita kabla sijasimama mbele ya hakimu. Nilivaa gauni langu la buluu na kitambaa cheupe shingoni. Wakili wangu, ambaye hiyo ilikuwa mara yangu ya tatu kumwona, alimwita Rispa aeleze jinsi ajali ilivyotokea. Hatukuwa tunasalimiana tena, lakini alikuja. Akasema kila kitu vizuri, kuhusu trekta, kona na mwendo wa basi.

Kisha wakili wa upande wa pili akainuka na kadi yangu ya hospitali. Kadi ilionyesha nilihudhuria mara tatu tu. Akamuuliza Rispa kama ni kweli tulipewa mazoezi pamoja.

Rispa akanitazama. Hakimu akamwambia ajibu.

"Ni kweli," akasema. "Mimi niliendelea. Yeye aliwacha."

"Aliacha kwa nini?"

"Aliambiwa angoje kesi."

Kule nyuma niliona Habakuki akitoka nje polepole, kama mtu anayekwenda kujisaidia.

Hukumu ilisomwa wiki chache baadaye. Hakimu alikubali kwamba dereva ndiye mwenye makosa. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja! Lakini akasema mtu aliyeumizwa anatakiwa kujitibu kadiri anavyoweza, na mwenye basi hawezi kulipia mkono ambao mwenyewe niliukataza kupona. Nilichopewa, baada ya wakili kukata chake, hakikutosha kununua hata ile mashine tuliyouza.

Nilipomuuliza wakili kuhusu maneno ya Habakuki, alishangaa, au alijifanya ameshangaa. Akasema yeye hajawahi kumpa mteja ushauri kama huo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na mume wangu. Tulipofika alifunga mlango, akaketi, akavua kofia.

"Haya," akasema. "Kesi imeisha. Sasa toa hiyo kitambaa, fungua mkono."

Nilidhani sijamsikia vizuri. "Niufungue vipi?"

"Mama Mercy, hapa hakuna mtu wa bima. Ni mimi na wewe. Si huwa unaufungua ukiwa peke yako?"

Wasomaji wenzangu... ndipo nilipoelewa. Kwa miaka minne mume wangu aliamini kwamba ninaigiza! Kila nilipoangusha sahani, kila aliponiona nikifunga kanga kwa meno, alidhani ninafanya mazoezi ya korti. Ndiyo maana hakuwahi kuuliza kama ninaumia.

Nilimwambia haufunguki. Akacheka kidogo. Kisha akaja, akakitoa kitambaa, akashika vidole vyangu na kuvivuta. Alivuta kwa nguvu. Nilikuwa ninautazama uso wake. Niliona kicheko kikiondoka, naye bado anavuta... Mimi sikuhisi chochote katika vile vidole viwili. Wala moyoni.

Akauachilia. Akatoka nje, akaketi kwenye ngazi mpaka watoto walipotoka shuleni. Tangu siku hiyo hatujagombana hata mara moja. Tunaongea habari za karo na chakula. Ananifunga vifungo vya gauni asubuhi akiwapo, bila kuambiwa, na hanitazami usoni.

Nilirudi kwa Madam Phanice. Mvi zilikuwa zimeanza kumwota. Aliushika mkono wangu kama alivyoushika mara ya kwanza, akajaribu kidole kimoja, cha pili, cha tatu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mama, ulikuwa wapi?"

 

Rispa naye? Nilipita nje ya kibanda chake mara nyingi nikimwita msaliti kimoyomoyo. Miezi sita baada ya hukumu ndiye aliyekuja kwangu. Akasema ana kazi nyingi na anahitaji mtu wa kukaa mbele, kuzungumza na wateja na kupokea oda. Sasa mimi hukaa kwenye kiti chake cha mbele, na yeye hukaa nyuma kwenye cherehani. Siku moja nilijaribu kumwomba msamaha. Akasema, "Wacha, dada, nipitishie huo mkasi." Nikampitishia kwa mkono wa kushoto.

Tunaelekea mwaka wa elfu mbili, na barabara zetu zinaendelea kumwaga watu kila mwezi. Najua kati yenu mnaosoma yupo aliyetoka kwenye ajali juzi, ameketi nyumbani na fomu za polisi mezani, na kuna mtu mwenye mkoba anampa ushauri mtamu. Sisemi msishtaki. Shtaki! Ni haki yako. Lakini mtafute wakili mwenyewe umwone uso kwa uso, na usikubali mtu yeyote, awe karani, awe mume, awe moyo wako mwenyewe, akwambie uumwe kwanza upone baadaye.

Kesi inaweza kusongezwa hata mara kumi. Mwili haujui kungoja.

Kama uliambiwa uende mazoezini, nenda. Nenda kesho asubuhi.