Chemchemi Isiyokauka

Ramani iliyobandikwa ukutani ilikuwa imelowa mahali pamoja tu, penye alama ya chemchemi. Mtafiti aliigusa, akatazama juu. Dari lilikuwa kavu, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu. Akaipangusa kwa kitambaa, akarudi kwenye kompyuta.

Alikuwa mwanamke kijana akisomea shahada ya uzamivu ya jiografia, akichunguza kwa nini chemchemi za bonde moja zinakauka. Dada yake, aliyeishi naye, alikwisha kumwita Daktari. "Wewe ukichelewa kumaliza," alimtania, "sisi tumeshamaliza." Mada alipewa na msimamizi wake, profesa mzee aliyemwita mwanangu. Profesa alimwachia na chumba chake cha ramani chuoni, kisha akampeleka mwenyewe bondeni kumwonyesha chemchemi ya pekee isiyokauka.

Tangu ramani ilowe, chumba kilianza kunuka tope. Mchana mmoja akiwa peke yake alisikia maji yakichotwa nyuma ya kabati, taratibu, kama mtu asiyetaka kusikika akijaza mtungi. Akainuka, akalivuta kabati, akakuta ukuta mtupu. Na alipoweka sikio ukutani kule kuchota kukakoma, kisha kitu kikavuta pumzi upande wa pili, pumzi ndefu yenye ubaridi uliopenya matofali na kumgusa shavu, naye akataka kukimbia lakini miguu ikamganda sakafuni kama miguu ya mtu mwingine, mpaka sauti kutoka huko ikalitamka jina lake, na baada ya jina lake, la mama yake.

Jioni hiyo dada alimkuta nyumbani amekaa kitandani, macho wazi.

"Daktari," alinong'ona, "ulikuwa unaongea na nani?"

"Nililala tu."

"Hukulala. Ulikuwa unasema kwa sauti ya kiume, nimepewa, nimepewa."

Kulipokucha wakaenda kwa mganga, mwanamke mpole aliyeuliza maswali mengi kabla ya kushika dawa.

"Huko chemchemi nani alikunywa kwanza?"

"Mimi. Profesa alisema mgeni hutangulia."

"Kuna jina lililotajwa?"

"Alilisema jina langu majini. Na la mama. Alisema ni heshima ya pale."

Mganga akashusha pumzi. "Mwanangu, huyu jini hakukufuata. Umekabidhiwa kwake. Nikimtoa atarudi kwa aliyekukabidhi. Nenda kwanza ukahakikishe, usije ukamlaani mtu bure."

Profesa alimkaribisha kwa uso mkunjufu. Kikohozi kilichomtesa miaka yote kilikuwa kimetoweka. Alipoulizwa hakubisha. Alifunga mlango, akaongea kwa sauti ya chini.

"Nilikunywa pale nikiwa mwanafunzi kama wewe. Kila nilichoandika juu ya maji yeye ndiye aliyeninong'oneza. Lakini alianza kunila. Usiku watoto wangu walikuwa wananikimbia."

"Kwa hiyo ukanipa mimi."

"Una nguvu. Na huna watoto."

"Uliniita mwanangu, Mzee."

Profesa akatazama dirishani. Mtafiti alingoja aombe radhi, hata ya uongo. Haikuja.

Akarudi kwa mganga. Alifukizwa, akatapika maji meusi yenye mchanga, akalia kwa sauti isiyo yake huku dada amemshika mabega, na kulipotulia akaomba chai. Dada akacheka na kulia kwa pamoja.

Wiki iliyofuata alikwenda chuoni kuomba msimamizi mwingine. Kwenye ngazi alipishana na binti mgeni, mwanafunzi mpya wa uzamivu, amevaa viatu vya porini na kubeba kifaa cha kupimia kina cha maji. Gari la idara lilikuwa linanguruma nje. Profesa, amekonda ghafla, alikuwa kwenye kiti cha mbele akikohoa ndani ya leso.

Mtafiti alimshika binti mkono, akamweleza yote kwa kunong'ona: maji, jina, ukuta. "Tafadhali, mdogo wangu, usiende."

Binti alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akautoa mkono wake polepole, kwa upole, kama unavyoutoa mkononi mwa mgonjwa.

"Pole sana, dada," alisema. "Profesa alinieleza hali yako. Alilia, unajua? Amesema anakupenda kama mwanawe."

Akashuka ngazi, akapanda gari.