Fundo la Mkono wa Kushoto

Watu wa kijiji kile walimwita Nesi, ingawa unesi hakuusomea. Kazi yake huko ughaibuni ilikuwa kutunza wazee wasiojiweza: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani kila baada ya saa mbili ili migongo isiote vidonda. Kazi ya mikono na kiuno. Lakini kijijini, ukionekana kwenye picha moja tu ya simu umevaa kitambulisho shingoni, wewe ni nesi, na hakuna wa kukuvua cheo hicho.

Alikuwa na ujanja wake mdogo ambao hakufundishwa na mtu. Akimgeuza mzee upande wa kulia, alipiga fundo dogo kwenye pembe ya shuka upande huohuo, chini karibu na miguu. Saa mbili zikipita, alimgeuza kushoto, akalifungua lile na kupiga jingine upande wa pili. Hata uchovu ukimchanganya kichwa, fundo lilimkumbusha. Wenzake kazini hawakulijua, mumewe hakulijua. Kilikuwa kitu kidogo mno hata cha kusimulia.

Miaka sita alikuwa hajakanyaga kwa wakwe zake. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake, na sababu zote zilikuwa za kweli, ndiyo maana ziliuma. Likizo ilikataliwa. Vibali vilichelewa. Mwaka ambao mama mkwe alipooza upande mmoja, yeye na mumewe, fundi wa lifti, walikaa mezani wakatazamana, kisha wakakubaliana kumwajiri binti wa kumtunza. Siku ileile Nesi aliingia zamu ya mchana, akamwogesha mama wa mtu mwingine, akamsugua mgongo taratibu, na machozi yakamdondokea ndani ya beseni. Hilo hakumwambia mtu.

Basi safari ilipopatikana, alibeba jambo moja tu moyoni. Alitaka kumshika yule mama kwa mikono yake, amgeuze hata mara moja, amsikie akimwita mwanangu. Zawadi na mapicha yalikuwa mambo ya mumewe.

Walifika saa tano asubuhi, jua limeshachangamka. Dereva wa gari la kukodi aliyewachukua stendi alimtazama Nesi kwenye kioo muda mrefu, kisha akacheka.

"Nesi, leo umependeza. Kumbe ulikuwa unakwenda kumpokea mumeo? Sasa mbona nimekupita kisimani alfajiri hujasema, ningekubeba."

"Umenifananisha, kaka."

Dereva akacheka tena, kama mtu aliyetaniwa na jirani yake.

Wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa shule ya jirani, aliwapokea uani. Tangu mama augue, yeye na kaka yake walikuwa hawasemezani vizuri. Wakiandikiana, ni mstari mmoja, basi. Alimkumbatia kaka yake kwa bega moja. Kisha akamgeukia Nesi, akavishangaa viatu vyake.

"Shikamoo, wifi," Nesi alisema.

"Shikamoo ya nini, na tumeamkiana asubuhi? Halafu umetokea wapi? Si sasa hivi nimekuacha ndani unamwogesha mama?"

Nesi alijua kijembe anapokisikia. Alikitarajia hicho, hata vikali zaidi. Akainamisha kichwa, akauliza yule binti wa kazi yuko wapi, angalau amshukuru.

"Binti gani? Yule si alitoroka zamani, mama akalala siku nne peke yake na mimi sina habari? Ndipo ukaja wewe." Wifi alimtazama sawasawa. "Miezi kumi na minne, wifi. Leo unaniuliza kama mgeni?"

Aliyebadilika uso ni mumewe. Kwa miezi hiyohiyo, kila alipouliza hali ya mama, dada yake alimjibu: anaendelea vizuri, mkeo anamhangaikia. Yeye alijua anasimangwa. Akafuta kila ujumbe haraka kabla mkewe hajauona. Hakuwahi kuuliza hata siku moja dada yake ana maana gani, maana kuuliza kungefungua mazungumzo asiyoyataka.

Wakaingia ndani. Chumba kilinukia sabuni. Beseni lilikuwa chini, maji bado yanafuka mvuke. Mama mkwe alilalia ubavu wa kulia, amefunikwa vizuri, macho ameyafumba. Mumewe akapiga magoti akaanza kulia. Nesi akafanya anachokijua: akainua shuka, akautazama mgongo.

Hapakuwa na kidonda. Hata alama. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto.

Mumewe na dada yake walimshukuru Mungu. Nesi alikuwa anapiga hesabu. Kila saa mbili, mchana na usiku, kwa miezi kumi na minne. Kazini kwao kitanda kimoja huhudumiwa na watu watatu kwa zamu, na bado vidonda hutokea. Mtu mmoja akiifanya kazi ile peke yake, basi mtu huyo halali kabisa.

Kisha akaliona fundo.

Lilikuwa kwenye pembe ya shuka, upande wa kulia, karibu na miguu. Lake mwenyewe. Ila yeye alipopiga fundo, ncha iliangukia nje. Hili ncha yake iliangukia ndani, kama limepigwa na mtu anayetumia mkono wa kushoto. Akaligusa. Lilikuwa bado bichi kwa maji ya sabuni.

"Tokeni," mama mkwe alinong'ona. Macho yalikuwa yamefumbuka. "Wote. Huyu abaki."

Walipotoka, mama alimwangalia Nesi kuanzia nywele hadi viatu. Nusu ya mdomo wake haikucheza.

"Wewe ndiye mwenyewe," akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe, mama."

"Alinambia utakuja."

"Nani?"

Mama akaanza tangu mwanzo. Alisimulia taratibu, bila hasira, na heri angekuwa na hasira. Binti alipotoroka, yeye mama alilala kwenye mkojo siku nne. Aliita. Alimwita mwanawe wa kiume, hakuitika. Alimwita wa kike, hakusikia. Siku ya nne alimwita mkwe wake, kwa jina lake kamili, mara tatu.

"Nikaitikiwa hapo mlangoni. Kwa sauti yako. Akaingia na sura yako, maana ndiye niliyekuwa namwita."

"Ni kitu gani, mama?"

"Sijui. Sikuuliza. Ungekuwa wewe umelala ulivyokuwa nimelala, ungeuliza?"

Nesi alitaka kumshika mkono. Akashika shuka badala yake.

"Alitaka nini?"

"Mahali pa kukaa. Alisema hana mahali. Nikamwambia achukue pako." Mama akameza mate kwa shida. "Ulikuwa hupatumii."

"Mama, mimi ni mkweo."

"Wewe ni picha kwenye simu."

Nesi alilia bila sauti. Akaitazama saa ukutani, kwa mazoea tu, ingawa muda wa kumgeuza ulikuwa haujafika. Akajifuta uso, akapitisha mkono mmoja chini ya bega la mama na mwingine chini ya nyonga, kama alivyofanya mara elfu kwa mama wa watu wengine. Hata hilo tu. Hata mara moja.

"Usiniguse," mama alinong'ona. "Siyo zamu yako."

Nesi akaondoa mikono.

Nje ya dirisha kulikuwa na kamba ya nguo. Shuka nyeupe imeanikwa, inachuruzika maji. Hakuna upepo. Mtu alikuwa amesimama nyuma ya shuka hiyo. Ilionekana miguu tu, chini ya shuka, peku, kwenye tope jepesi. Mguu wa kulia, kidole cha mwisho kilipinda ndani. Nesi alikijua kidole kile. Alikivunja akiwa na miaka tisa. Alikuwa nacho ndani ya kiatu chake, pale alipokuwa amesimama.

Miguu ikageuka. Ikaelekea mlangoni.

Hakusubiri. Alitoka kwa mlango wa mbele, akampita mumewe, akapanda gari ambalo dereva alikuwa bado analipangusa vumbi. Mumewe alimfuata hadi dirishani. Nesi akamwambia yote, kwa pumzi moja, kwa kunong'ona. Akamwomba wapande waondoke wote wawili.

"Mama hana kidonda hata kimoja," mumewe alisema.

"Umenisikia nilichokwambia?"

"Nimekusikia." Akaangalia nyumba. "Tungewaambia nini watu? Kwamba hakuna aliyemtunza?"

Hapo ndipo Nesi alipojua kwamba anaondoka peke yake.

Mama mkwe alifariki siku ya tisa. Nesi alikuwa ameshavuka bahari, ameshavaa sare yake, anamlisha uji mzee wa chumba namba nne. Mumewe alipiga simu jioni, sauti ya mtu aliyelia hadi machozi yakamwisha.

"Umemlilia mama vizuri," akasema. "Watu wote wamekusifu."

"Mimi niko huku."



"Najua," akasema mumewe.

Mumewe aliporudi, Nesi alikwenda kumpokea uwanja wa ndege. Alimwona kwa mbali akisukuma mlango wa kioo. Akapita, halafu akaushikilia wazi kidogo, kama mtu anayempisha anayemfuata. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Waliongozana hadi nyumbani bila maneno mengi.

Tangu hapo Nesi alianza kuomba zamu za ziada. Msimamizi alimsifu kwa moyo wake wa kazi. Moyo gani, masikini. Alikuwa anaogopa kukaa kwenye nyumba yake mwenyewe, na aibu ilimzuia kusema. Alitoka alfajiri, akarudi amechoka, siku nyingine hakurudi kabisa. Hakujitetea, hakugombana, hakuuliza. Sasa alikuwa anafanya yaleyale aliyoyafanya miaka sita, na safari hii hata sababu za kweli hakuwa nazo.

Siku moja, baada ya zamu ya usiku, zamu ya pili ilifutwa, akarudi saa nne asubuhi. Mumewe alikuwa jikoni, amenyoa, shati limepigwa pasi. Alipomwona mkewe mlangoni na koti lake, alishtuka kama mtu aliyefikiwa na mgeni wakati mbaya.

"Leo si una zamu mbili?"

"Nani amekupigia pasi?"

Mumewe akaligeukia sinki, akafungua maji.

Nesi aliingia chumbani. Hapakuwa na mtu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri kuliko alivyowahi kukitandika yeye, na upande wake, pembe ya chini, palikuwa na fundo. Ncha imeangukia ndani. Alijaribu kulifungua, kwanza kwa vidole, kisha kwa meno. Likamshinda. Ulimi ulibaki na ladha ya sabuni.

Akafunga mkoba, akaenda kulala kwenye chumba cha wahudumu kazini. Alikaa huko siku sita. Mumewe hakupiga simu hata mara moja. Siku ya sita Nesi alianguka katikati ya ukumbi na beseni mkononi, wenzake wakambeba wakamlaza kwenye kochi la ofisini. Msimamizi akaipiga namba ya nyumbani na kuiweka sauti ya juu ili na Nesi asikie.

Simu ikapokelewa na mwanamke.

"Mwambie mwenye nyumba mkewe amezirai hapa kazini," msimamizi alisema. "Aje amchukue."

"Mwacheni apumzike hukohuko," ile sauti ilijibu, kwa upole. "Huku nyumbani hakuna kilichopungua."

Msimamizi aliitazama simu, kisha akamtazama Nesi pale kwenye kochi. Sauti ilikuwa ileile ya Nesi. Nesi hakuwa anamwangalia yeyote. Alikuwa ametega sikio, anamsubiri mumewe aseme neno kutoka nyuma, hata moja, hata kuuliza kama yu hai.

Alisikia kijiko kikigonga sahani. Mumewe alikuwa anakula.