Mlango wa Ensio

Taisto Huovinen alikuwa akibeba kuni za kupashia sauna ambayo hakuna mtu hai angeiingia jioni ile.

Zilikuwa kuni safi, kavu, zile alizozitenga kwa ajili ya baridi kali. Oili, mkewe, alizichagua mwenyewe. "Hizo hapo," alisema, "si zile mbovu." Kwa sauna yao ya kila Jumamosi, yeye na Taisto wakioga mvuke, kuni mbovu zilitosha kabisa! Mwanamume akajaza mikono, akavuka ua wenye tope, midomo imembenuka kwa hasira. Mwezi wa Novemba kule kaskazini hauna jioni ya maana. Mtu anakunywa kahawa yake ya mchana, akiinua macho giza limeshafika dirishani.

Kauko, jirani, alikuja kurudisha msumeno. Akasimama langoni anamtazama.

"Leo kekri, sivyo?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unambebea kuni mume mwenzio."

"Kauko, weka msumeno uende zako."

"Usikasirike bwana, nauliza tu. Mke wangu akimkumbuka marehemu mama yake huwasha mshumaa mmoja, basi. Huyu wako anampashia mtu sauna nzima! Loh, mimi nikifa nataka mjane kama Oili."

Akaondoka anacheka peke yake. Taisto alibaki na kuni zake, roho imemchafuka.

Desturi yenyewe ya kekri ni ya zamani. Mavuno yakishaingia ghalani, jioni moja sauna hupashwa kwa ajili ya waliotangulia, chakula huandaliwa humo, na walio hai hujifungia nyumbani na kuwaachia nafasi. Siku hizi wengi wameiacha. Oili hakuiacha. Na Taisto asingekuwa na neno kama mkewe angewaandalia wazazi, mababu, ukoo mzima. Lakini bakuli la mchuzi wa kondoo lilikuwa moja. Chupa ya bia, moja. Taulo, moja, tena la kitani jeupe, ambalo Taisto hajawahi kupewa hata ajifutie uso.

Vyote vya Ensio. Mume wa kwanza. Alikutwa amekufa kwenye benchi la sauna hiyo hiyo, na miaka mitatu baadaye Taisto akamwoa mjane, akahamia kwenye nyumba ya marehemu na kulala upande wake wa kitanda.

Wako wanaume wanaomwonea wivu kila anayepita barabarani. Taisto wetu alimwonea wivu maiti. Na maiti utamshinda kwa lipi? Hakoromi. Hazeeki. Hasahau siku ya kuzaliwa ya mtu.

Kisha lilikuwapo hilo suala la ruta. Ilitundikwa chini ya ngazi, kazi ya mikono ya Ensio. Taisto alikuwa fundi wa nyaya tangu ujana wake, nusu ya kijiji ilimwita yeye waifai ikigoma. Ndani ya nyumba yake mwenyewe alikatazwa. "Inafanya kazi, iache," Oili alimwambia kila alipoinyooshea mkono, na sauti yake hapo ilikuwa kali kuliko ilivyostahili kwa kisanduku cha plastiki.

Jioni ile Oili alichukua bakuli na taulo, akaenda saunani kuandaa. Taisto akakaa jikoni kumngoja.

Akangoja.

Akafungua dirisha kidogo. Moshi wa sauna ulikuwa ukilala chini chini uani. Na kupitia moshi ule aliisikia sauti ya mkewe... ndogo, ya upole. Ikasema kitu. Ikanyamaza, kama mtu anayesubiri kujibiwa. Kisha ikaendelea.

Kwake yeye, Oili hakuwahi kuongea kwa sauti ile.

Hapo ndipo alipochukua kompyuta yake na kwenda kupiga magoti chini ya ngazi. Leo leo nalifuta jina lake humu ndani, alijiambia. Neno la siri la ruta alilipata mara ya kwanza alipojaribu. Lilikuwa "Oili". Hata hapo yule bwana alikuwa amemtangulia!

Sasa, ruta moja ukijua kuipanga hutoa mitandao kadhaa hewani, mfano wa nyumba yenye milango mbalimbali. Kila mlango una jina lake na ufunguo wake. Taisto alitegemea kuona mlango mmoja tu, ule wanaotumia kila siku, unaoitwa "Nyumbani". Akaona miwili.

Wa pili ulikuwa umefichwa, jina halitangazwi, ndiyo maana simu yake haikuwahi kuuona. Ulielekezwa kwenye antena ndogo ya nje, inayotazama saunani. Ulizungushiwa ukuta: kanuni juu ya kanuni, chochote kisitoke huko kuingia nyumbani, wala cha nyumbani kisiende huko. Haukupewa hata intaneti. Mlango usiokwenda popote. Jina lake: "Ensio".

Na chini ya jina hilo, kwa maandishi madogo: kifaa kimoja kimeunganishwa.

Hakikuwa na jina. Mawimbi yake yalikuwa dhaifu, kijiti kimoja tu.

Damu ilimpanda Taisto hadi masikioni. Kifaa ni simu, na simu ina mtu. Kumbe ndiyo maana! Eti wafu, eti kekri, kumbe kuna mwanamume mzima mzima kule gizani anakula kondoo wake na kujifuta kwa taulo la kitani! Akamfikiria Kauko. Mbona alicheka vile? Mbona alijua kuwa leo sauna inapashwa? Kijiji kizima kilijua, lakini wivu ukishakukaa kooni hukumbuki mambo kama hayo.

Angebonyeza "Zima", habari ingeishia pale. Hakutaka kuzima. Alitaka kumwona mtu wake, ajue simu ni ya nani na inaongea nini. Na ili aione, ilibidi aung'oe ule ukuta na kuiunganisha milango miwili kwa daraja, iwe kitu kimoja. Mwenyewe aliwagombeza wateja wake kila siku: mlango wa wageni usiuchanganye na wa nyumbani, utaingiza usiyemjua. Akang'oa kanuni ya kwanza. Akang'oa zote. Akachora daraja.

Ruta ikauliza: Una hakika?

"Tena sana," Taisto akaijibu kwa mdomo, akabonyeza.

Taa zote za ruta zikazimika.

Kimya...

Zikawaka tena, moja baada ya nyingine. Kile kifaa kisicho na jina sasa kilikuwa kwenye orodha ya Nyumbani, kimekaa katikati ya simu yake na simu ya Oili. Taisto akatabasamu. Nimekupata, ndugu yangu.

Vijiti viwili.

Tabasamu likamganda. Kilikuwa kinasogea.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa, akaruka. Alikuwa Oili, mashavu mekundu kwa baridi, mikono mitupu.

"Unafanya nini huko chini?"

"Wewe ulikuwa unaongea na nani?"

"Na marehemu. Kama kila mwaka. Hivi Taisto, hata leo unataka tugombane?"

"Simu ya nani iko saunani?"

Oili aliitazama kompyuta, kisha ruta, kisha kompyuta tena, na ule wekundu wa mashavuni ukamtoka wote.

"Umegusa nini?" Alikuwa ananong'ona.

"Nimeunganisha. Nataka kujua hii simu ya..."

"Ya Ensio."

"Ensio amekufa, mwanamke!"

"Shh! Punguza sauti. Najua amekufa. Tulimzika nayo, kwenye mfuko wa koti. Aliagiza mwenyewe. Alisema ataitaka."

Vijiti vitatu.

Nje, ubao wa kwanza wa baraza ukalia. Ule ubao haulii kwa upepo, unalia ukikanyagwa. Baada yake ikasikika chap... chap... kama nyayo tupu zilizolowa. Halafu harufu ikapita chini ya mlango, na Taisto akaitambua kabla hajataka kuitambua. Moshi. Majani yaliyotoswa kwenye maji ya moto, yale ya kujichapia saunani. Ngozi ya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Na chini ya harufu hizo zote, udongo.

Akajikunyata chini ya ngazi.

"Ulidhani namwandalia kwa mapenzi?" Oili alimshika ukosi wa shati, akimsemea sikioni. "Alikuwa na wivu, Taisto. Wako wewe ni mchezo wa watoto. Nikisalimiana na mleta barua, alitaka kujua neno kwa neno. Hii ruta aliifunga ili anichunguze mimi. Na alipokufa hakuacha. Alikuja jioni kama hii, akafika hadi jikoni, kwenye kiti unachokalia wewe. Nikampa sauna. Ule ukuta niliujenga mimi, nilijifunza mwenyewe, nikilia. Nikamwambia, huko ni kwako, humu usiingie. Mara moja kwa mwaka nitakuja kukusalimia, nitakubembeleza, uridhike. Akakubali. Nilifanya hivyo ili niweze kuishi na wewe, mpumbavu wewe!"

Maneno ambayo Taisto alikuwa akiyatamani siku zote, ndiyo hayo, na ameyapata sasa! Akaigeukia kompyuta ili alivunje daraja. Ruta ilikuwa imemtoa nje. Akaandika neno la siri, "Oili".

Si sahihi.

Akaandika tena, polepole, herufi kwa herufi.

Si sahihi.

Ubao wa pili ukalia.

"Toka," Oili alisema. "Pitia nyuma."

"Nikuache naye?"

"Hata sasa? Jamani, hata sasa! Mimi najua namna ya kumtuliza. Wewe akikukuta hapa hatakuacha. Nenda saunani, pana moto, kwake pako wazi kwa kuwa yeye yuko huku. Kukipambazuka atachoka, nitaurudisha ukuta. Ila nisikilize vizuri. Usinipigie. Usiniandikie chochote. Simu yangu ataishika yeye, kama alivyokuwa akifanya. Asijue kabisa kuwa upo karibu."

Kitasa cha mlango wa mbele kikaanza kugeuka. Taratibu, bila kelele, kama kinavyogeuzwa na mwenye nyumba anayerudi akihofia kuamsha watu.

Taisto alitokea mlango wa nyuma na soksi tu miguuni. Hakugeuka. Alivuka tope mbio, akaingia saunani, akasukuma komeo. Mle ndani palikuwa na joto zuri na giza, mawe yakitoa mlio wa chini chini juu ya jiko. Akapapasa apate pa kukaa. Benchi lilikuwa limelowa. Bakuli la mchuzi lilikuwa tupu, limefutwa hadi likang'aa.

Akakaa hivyo hivyo. Sauna ile ina kidirisha kimoja tu, kidogo, na kidirisha chenyewe kinatazama jikoni. Hakuwahi kujiuliza kwa nini Ensio alikiweka upande ule.

Jikoni taa ilikuwa inawaka. Oili alikuwa mezani, amempa upande wa uso. Mbele yake, kwenye kiti cha Taisto, alikaa mtu. Mgongo tu ndio ulioonekana, mpana, mweupe, ukifuka mvuke. Oili akammiminia kahawa. Akaongea. Midomo ilikwenda polepole, na Taisto, ingawa hakusikia kitu, aliijua ile sauti, ile ya upole.

Anamtuliza, alijiambia. Anafanya alichosema. Vumilia.

Mgongo ule ukainama mbele, ukasema jambo.

Na Oili akacheka.

Alicheka kweli, kichwa nyuma, mkono kifuani. Labda ilikuwa hofu. Labda ndivyo alivyokuwa akimbembeleza tangu zamani, kicheko cha kazi. Taisto alijua hivyo. Mwanamke alikuwa pale anaiweka roho yake rehani kwa ajili yake, hilo nalo alilijua. Lakini yeye, katika mwaka wote ule uliopita, hakuwahi kumchekesha vile hata siku moja.

Hofu ikamtoka. Ukaingia wivu, ule wa siku zote. Simu ilikuwa tayari mkononi, hakumbuki aliitoa saa ngapi.

Akaandika: Unacheka nini naye?

Kidole kikasita juu ya kioo. Mawe yakalia. Kule jikoni Oili akaweka kiganja chake juu ya mkono wa yule mtu, akakiacha hapo.

Akatuma.

Mwanga mdogo ukawaka mezani, karibu na kikombe. Oili aliuona kwanza. Aliruka kuufunika, na kicheko kikamfia mdomoni.

Mkono ulioiokota simu haukuwa wake.

Yule mtu alisoma kwa muda mrefu, akiinamia kioo, na mvuke ukimpanda mabegani. Kisha akaiweka simu chini taratibu, akasimama, na kwa mara ya kwanza akageuka kutazama saunani.