Kasiksi ya Mgeni wa Nyakabuye

"Shangazi amepika sambaza. Kula kabla hazijapoa."

Umurerwa, mpelelezi wa kike, aliusoma ujumbe mara moja, akaufuta. Samsung ikarudi mfukoni. Hapakuwa na shangazi wala dagaa wa ziwani. Maana yake ilikuwa moja tu: muuaji yumo ndani ya gari hili, mkamate kabla hajaua.

Coaster ilikuwa ikiteremka kutoka Kamembe kwenda Cyangugu, mji wa zamani ulioachwa kando ya ziwa biashara ilipohamia juu. Wageni watano, Umurerwa akijifanya mmoja wao. Kiongozi mmoja wa matembezi.

Kiongozi ndiye aliyekuwa akiwindwa.

Mzee Ladislas, miaka sabini na moja, kofia ya pama na fimbo. Mwezi uliopita, alipotangulia kufungua ghala la zamani ili awaonyeshe wageni, alimkuta mtu aitwaye Padiri akipakua bunduki kutoka chini ya magunia ya mihogo. Kesho saa tatu angesimama mahakamani kumnyooshea kidole. Hakukuwa na shahidi mwingine. Asipofika, Padiri anatoka, na bunduki zinaendelea kuvuka mpaka.

Ofisi ya upelelezi ilimwomba mzee ajifiche siku mbili. Alikataa. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuahirisha matembezi ya Alhamisi, na hakuona sababu ya kuanza leo kwa ajili ya jambazi. Mbishi kuliko mbuzi. Umurerwa alimpenda, na jambo hilo lilimkera.

Walishuka.

"Njoo polepole, bana bangu," mzee alisema. "Iyi veranda, siku ya Bonane, mwaka mupya, bantu balikuwa banacheza mpaka asubuhi. Leo munasikia? Kimya. Muji inaweza kufa, nyumba zikabakia zinasimama tu."

Umurerwa hakupenda historia. Historia haikimbii, na yeye alizoea vitu vinavyokimbia. Macho yake yaliruka kutoka dirisha bovu hadi mlango uliofungwa, kutoka mlango hadi mikono ya watu. Bastola ya Glock ilimbana mbavuni. Alitamani mtu afanye jambo, lolote, mradi kungoja kuishe.

Wazungu wawili, mke na mume, walipiga picha kila kitu, hata mbwa aliyelala. Hao aliwaacha. Walibaki wanaume wawili.

Mulume, mwalimu kutoka Bukavu. Alitoka jasho, na mkoba aliukumbatia kifuani.

Byiringiro, mwana wa Nyakabuye, upande huu huu wa mpaka, kwa maneno yake; alikulia huko, akaishi Congo, akarudi. Huyu alimsikiliza mzee kwa makini, akauliza maswali mazuri.

"Njiwa, unaona nini?" Sauti ya Habimana, mwenzake, ilimjia sikioni kwa jina lake la kazi. Alikuwa ndani ya Hilux karibu na daraja la mpakani.

"Mwalimu anatetemeka."

"Tumukamate?"

"Bado."

Alijikwaa makusudi, akamgonga Mulume. Mkoba ukaanguka, ukafunguka. Ndani mlikuwa na picha ya mwanamke kijana ndani ya fremu.

"Ni maman yangu," Mulume alisema kwa aibu. "Alizaliwa huku. Nyumba ya tatu toka ziwani, njo alikuwa anasemaka. Sasa naogopa, pengine haiko tena."

Umurerwa aliona haya. Aliokota picha, akaifuta vumbi kwa shati lake, akamrudishia.

Alipogeuka, Byiringiro alikuwa amemketisha mzee kwenye ngazi za duka la zamani. Mkononi alikuwa na chupa ya kasiksi, pombe ya ndizi. Akamimina kikombeni. Akakitoa kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

"Papa, kunywa. Inatoka kwetu Nyakabuye. Hakuna muntu alishanifasiria muji vile."

Macho ya mzee yalilowa. Miaka kumi na minane, nani aliwahi kumletea hata maji?

Kitu kilimwasha Umurerwa kama upupu. Mikono miwili, sawa. Kuinama, sawa. Salamu, sawa.

Hakuonja.

Nyakabuye, kama huku kote, hata mwana akimpa baba yake pombe, huonja kwanza mbele yake, amwonyeshe kuwa ni salama. Mtoto hasubiri kufundishwa, anaona kila siku. Waliomnoa Byiringiro walimfundisha kila kitu, wakasahau funda moja.

Kikombe kilikuwa mdomoni mwa mzee.

"Papa Ladislas, weka chini." Hakupaza sauti. "Mwenye pombe hajaonja."

Mzee alisimamisha mkono. Alimnyooshea mgeni wake kikombe.

"Ni kweli," alisema. "Onja, mwana wangu."

"Mi sinywaka pombe, Papa. Niko muntu wa kanisa."

"Muntu wa kanisa anatembezaka kasiksi?"

Byiringiro alitoka mbio kuelekea darajani.

Hatua moja. Ya pili ilikutana na fimbo ya mzee.

Alipoinua uso kutoka vumbini, Glock ilikuwa mbele ya pua yake. Hilux ilifika ikipiga honi, Habimana akaruka na pingu. Umurerwa aliifunga chupa kwa uangalifu, akamkabidhi pamoja na kikombe.

"Mwambie shangazi, sambaza nimezila zikiwa bado za moto."

Hilux ikaondoka. Mzee alibaki ameketi ngazini.

"Desturi naijua toka utoto," alisema taratibu. "Lakini alinisikiliza, maman. Nilifurahi, nikasahau."

Maneno yale yalimchoma Umurerwa kuliko risasi. Asubuhi nzima alikuwa amemlinda mzee huyu, na hakusikia hata sentensi zake mbili.

Simu ikalia. "Njiwa, rudi ofisini sasa hivi."

"Baadaye."

Akaizima. Alitoa chupa yake ya maji, akanywa funda moja mbele ya mzee, kisha akampa kwa mikono miwili. Mzee akanywa mpaka akaimaliza.

Umurerwa alivaa miwani ya jua, akamwita Mulume kwa kidole.

"Papa, twende. Nyumba ya tatu toka ziwani, tuambie yote."