Jina la Mwenye Uso

Umuhire alifika ofisini jua likiwa linazamia upande wa Goma, bahasha kaikumbatia kama mtu aliyebeba mayai. Alihitaji muhuri. Mmoja tu.

Ndani ya bahasha mlikuwa na bango la filamu, na si la filamu ya harusi ya jirani. Lilikuwa la Mgeni wa Ziwani, sehemu ya sita, ambayo sehemu zake tano za mwanzo zimewanyima usingizi watu wa mabara matatu. Katika zote tano hakuna aliyewahi kuuona uso wa Mgeni. Sasa ungeonekana, kwanza kwenye bango, na kazi ya kuutengeneza ilikuwa imemwangukia Umuhire, mchoraji wa mabango aliyepanga chumba cha kazi nyuma ya studio ya picha za vibali, hatua chache kutoka Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha kwenda Goma. Bango likibandikwa kesho, mkataba unaendelea mpaka sehemu ya tisa. Lisipobandikwa, anarudi kuchora vibao vya saluni.

Wakili wa kampuni alikuwa ameandika sharti moja: uso usiwe wa mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa.

Umuhire akaupata uso wa Mgeni kwenye droo ya studio. Picha za kibali hutoka nne kwa karatasi. Wavuka mpaka huchukua mbili, mbili zinabaki. Akakata paji la huyu, macho ya yule, kidevu cha wa tatu. Mdomo ndio uliomshinda. Kwenye picha za kibali ni marufuku kucheka, na midomo yote ilikuwa imefumbwa kana kwamba inasubiri kuhojiwa. Mgeni alitakiwa aonekane yu karibu kusema neno. Basi akampiga picha mama yake, Mukarugwiza, akicheka, akaubandika mdomo huo. Mama huuza nyanya Goma kwa kuita wateja, na mdomo wake unajulikana pande zote mbili za mpaka.

Mwenye muhuri wa kuruhusu mabango mjini alikuwa Sebagabo. Koti alishalivaa, funguo alishazishika.

"Hapa, namba ine," alisema, akigonga fomu kwa kidole. "Jina ya mwenye uso."

"Haiko mutu, chef. Ni uso ya kutengeneza."

"Uso bila mutu haiko, mademoiselle."

"Kampuni imekataza isikuwe ya mutu."

"Kampuni haiko na muhuri."

Umuhire akafanya anachofanya kila mtu mbele ya ofisi inayokaribia kufungwa. Akadanganya. Jina: Nyiraneza. Anwani: ya kwao nyumbani. Sahihi akaitia kwa mkono wa kushoto. Kwenye tarehe ya kuzaliwa kichwa kilimgomea, akaandika tarehe pekee iliyomjia, ile siku aliyoanza kuuchora uso wenyewe.

Sebagabo alihesabu kwa vidole, akacheka mpaka tumbo likagonga meza. "Mama wee! Iko na siku munane! Donc leo tunamutoa inje, tunamupa jina!"

Na ni kweli, kwa desturi ya kwao siku ya nane ndiyo mtoto hutolewa nje akaitwa jina mbele ya watu. Umuhire akanyoosha mkono kurekebisha mwaka.

"Wacha," Sebagabo alisema. "Mwaka haiko kazi yangu. Kazi yangu ni kuona kama kila nafasi imejaa."

Muhuri ukashuka.

Pah!

Nyuma ya Umuhire, mtu akavuta pumzi. Ndefu... ya mtu aliyekaa sana chini ya maji.

Aligeuka. Kiti cha wageni kilikuwa kitupu.

Kilikuwa kimelowa.

"Ni upepo ya dirisha," Sebagabo alisema, akimsukuma nje taratibu.

Dirisha lilikuwa limefungwa.

Alienda nyumbani kwa miguu, haraka kuliko kawaida, bila kujiuliza sababu. Giza lilikuwa linaingia. Mama alikuwa amesimama uani, beseni la nyanya bado liko kichwani, kiganja mdomoni.

"Mama, uko unafanya nini huku inje?"

Mama aliondoa kiganja. Midomo ikatembea. Ikatembea tena, kwa nguvu, mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hakikutoka kitu.

Kisha ndani ya nyumba, mama akacheka.

Kicheko chenyewe kabisa. Kile cha sokoni.

Umuhire alisukuma mlango. Harufu ilimpokea kwanza, wino mbichi na maji ya ziwa. Kitini, mgongo ukielekea mlangoni, alikaa mwanamke. Maji yalidondoka kutoka kwenye nywele zake... to... to... Mkononi alishika nakala ya fomu.

"Karibu, mutoto yangu," alisema kwa sauti ya mama. "Hii ndiyo anwani nilipewa. Chumba yangu iko wapi?"

Umuhire alimvuta mama kwa mkono kutoka uani, wakajifungia chumbani. Akampigia Sebagabo, akinong'ona.

"Chef, nataka kufuta ule mutu."

"Kufuta mutu iko na fomu yake. Mwenyewe anakuja, anasaini. Jumatatu."

"Chef, iko hapa ndani ya nyumba!"

"Bon, si ni rahisi? Umulete."

Akakata.

Mama alikuwa amekaa kitandani, akijaribu kuita jina la bintiye. Alijaribu mara nyingi. Bila sauti hiyo hakuna soko, hakuna Goma, hakuna maombi ya alfajiri anayosali kwa kelele hadi majirani wanalalamika. Umuhire hakuweza kumtazama zaidi. Akafungua kompyuta, akalifungua bango, akaufuta ule mdomo.

Upande wa pili wa ukuta kicheko kilikatika katikati.

Kisha vidole mlangoni. Vilipapasa ubao polepole, chini, juu, chini. Kama vya kipofu anayetafuta kitu cha kwake.

Mama alijikunja ukutani, mikono yote miwili mdomoni.

Kitasa kikaanza kuzunguka.

Umuhire alishika simu, akajipiga picha. Akaukata mdomo wake, akaubandika palipokuwa pa mama. Mazoea ni mazoea. Hata kivuli cha chini ya mdomo alikirekebisha. Akaituma kazi kwa kampuni na maneno mawili: marekebisho madogo.

Kitasa kikatulia. Nyayo zenye maji zikaondoka kuelekea chumba cha wageni.

Jibu la kampuni lilikuja mara moja. Bora zaidi ya mwanzo. Tunachapisha.

Alipoamka, jua lilikuwa limeshapanda na kitanda upande wa mama kilikuwa kitupu. Kutoka jikoni ikaja sauti, kubwa, ya kugombeza, yenye afya tele.

"Umuhire! We Umuhire! Chai iko inapoa!"

Machozi yalimtoka. Alijaza kifua pumzi, akafungua mdomo ili aitike.

Kutoka chumba cha wageni, sauti yake mwenyewe ikamtangulia, changamfu, ya mtu aliyelala vizuri.

"Nakuja, mama."

Na mlango wa huko ukafunguliwa.