Kompyuta Ilinizalisha Watoto Wawili

Nina miaka thelathini na moja, sijaolewa, na nauza vifungo, zipu na nyuzi katika uchochoro mmoja wa Kariakoo. Haya yalinipata nikiwa na ishirini na tatu, wakati hospitali za watu binafsi zilipoanza kufunguliwa kila mtaa, na kila mwenye duka akitaka kompyuta hata kama hajui ataifanyia nini. Wasomaji wenzangu, mtanisamehe nikilia kidogo humu ndani.

Nilikuwa mchumba wa Benedikti, fundi redio, mtoto wa Masasi kama mimi. Barua ya posa ilikuwa imeshajibiwa na mahari imepokelewa. Nilimpenda, sitaki kuficha. Alikuwa mpole... na upole wake ndio ulioniponza, kama mtakavyoona.

Padri alitaka wachumba wote wapime damu kabla ya ndoa kutangazwa kanisani. Tukaenda kwenye hospitali ndogo ya daktari mmoja Mhindi, mzee mtaratibu, ambaye mpwa wake wa kike alikuwa amemwekea kompyuta hivi karibuni na kuingiza humo kadi zote za zamani. Karani wa mapokezi alikuwa yule yule wa siku zote, aliyezoea kadi za karatasi. Aliniuliza jina na umri, akafuta kitu, akaandika kwa kidole kimoja, kisha akaninakilia namba ya kadi kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Nikatolewa damu, nikarudi zangu Buguruni nilikopanga chumba. Sikuwa na wasiwasi wowote.

Sasa, kwa ukoo wa Benedikti, majibu ya bibi harusi hayachukuliwi na bibi harusi. Huchukuliwa na dada mkubwa wa mwanamume, kwa kuwa wifi ndiye macho ya ukoo. Mama yangu aliona ni heshima. Mimi nami nikaona ni heshima... ujinga ulioje! Basi Wifi Skola, muuza mitumba, akafunga kibanda chake, akaenda na kadi yangu.

Damu yangu ilikuwa salama. Lakini Wifi Skola hakutosheka. Akaomba achapiwe kila kilichomo chini ya namba ile, na karani akamchapia bila kuuliza. Jina langu kamili lilikuwa juu ya kila ukurasa. Kliniki ya wajawazito. Kujifungua, mtoto wa kiume. Kliniki tena. Kujifungua, mtoto wa kike.

Benedikti alikuja kwangu na karatasi zile, akaniuliza watoto nimewaacha kwa nani. Hakufoka. Laiti angefoka, ningepata pa kuanzia! Nilimwambia sijawahi kubeba mimba. Nilimwambia huyo mtoto wa kwanza anayesemwa alizaliwa nikiwa bado nasoma Masasi. Wifi Skola, aliyesimama mlangoni, akaniuliza, "Kwani Masasi hakuna mabasi?"

Mama yangu akapendekeza nipelekwe kwa mkunga anikague. Nikakubali, pamoja na aibu yake yote. Wifi Skola akasema mkunga wa kwetu atasema ya kwetu. Padri naye akasema hawezi kutangaza ndoa yenye manung'uniko. Nikaenda hospitali peke yangu, na karani akanigeuzia kioo.

"Dada, hili si jina lako? Mashine haina ugomvi na wewe."

Nikalisoma. Lilikuwa langu, hata jina la babu halikukosewa. Niambieni, mtu anabishanaje na jina lake mwenyewe?

Mahari ikarudishwa. Baba akaacha kunijibu salamu. Pale uchochoroni habari zilifika kabla sijafika mimi, na wateja wengine walikuja kununua zipu moja ili tu wanitazame tumbo.

Kisha siku moja daktari akanitumia mtu. Kuna mama alikuwa amekwenda na mwanawe mwenye homa, akatoa kadi yake, na kioo kikaonyesha jina langu. Yule mama akapiga kelele mpaka daktari akatoka. Mpwa wake akaitwa, akaifungua mashine, akaliona kosa.

Nilipofika, binti yule alinieleza taratibu, kama mtu anayezungumza na mfiwa. Majina ya wagonjwa yana jedwali lake, na matibabu yana jedwali lake. Ukurasa anaouona karani huyaunganisha kwa namba ya kadi. Jina linaloonekana pale halikai pale, limeletwa tu kutoka kwenye jedwali la wagonjwa ili lionekane. Siku ile ya kupima damu karani alikuta ukurasa wa yule mama umeachwa wazi. Kwa mazoea yake ya karatasi akafuta jina, akaandika langu, akidhani anaanza ukurasa mpya. Kumbe alikuwa amelifuta kule kule linakotoka! Papo hapo matibabu yote ya yule mama, na uzazi wake wote, yakawa yangu.

Binti akasema kile kisanduku cha jina alipaswa kukifunga tangu mwanzo kiwe cha kutazamwa tu. Hakuwaza kwamba kuna mtu angekigusa. Akalia. Nikawa mimi ndiye ninayembembeleza... jamani!

Daktari aliniandikia barua ya kuomba radhi, akapiga muhuri, akaambatanisha karatasi mpya zilizochapwa sawasawa. Nikakimbia nazo hadi kibandani kwa Wifi Skola. Benedikti alikuwepo. Wifi akasoma zote, akazikunja vizuri, akanirudishia.

"Zile zilitoka kwenye mashine, mkasema imekosea. Hizi nazo zimetoka kwenye mashine. Tuamini zipi?"

Nikamtazama Benedikti. Aliniamini. Naapa aliniamini, niliyajua macho yake. Nikamsubiri aseme neno moja tu... Akainama, akaanza kupanga mashati ya dada yake.

Mwaka uliofuata alioa kwingine.

Dada zangu, majibu yenu yachukueni kwa mikono yenu, myasome kabla hayajasomwa na ukoo wa mtu. Nanyi mnaokaa mbele ya mashine hizi, kabla hamjafuta jina, ulizeni limetoka wapi. Na kama mwanamume wako hana ulimi mbele ya dada yake, usingoje aupate siku ya shida.

Kule hospitali nilirekebishwa asubuhi moja tu. Uchochoroni kuna wanawake ambao mpaka leo wakipita kwenye meza yangu huniuliza, "Watoto hawajambo?" Zamani nilikuwa nabisha. Siku hizi nawajibu hawajambo, nawapimia uzi.